Swichi za Wi-Fi au za Zigbee? Nyumba mbili, Kisumu na Nakuru

Tuumalize utani kwanza. Kwangu Migosi, Kisumu, swichi na vihisi vyangu vya kutumia kwa simu ni vya Wi-Fi. Kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, kule Lanet, Nakuru, ni Zigbee, redio nyingine ya vifaa vya nyumbani. Ukiona kistari katikati nazungumzia mtandao, usipokiona nazungumzia mtu wa watu.

Tulinunua vitu vyetu mwezi mmoja na haja zetu zilikuwa zile zile: taa za nje zijiwashe jioni, simu itujulishe mlango wa nyuma ukifunguliwa, na taa ya choo iache kuwaka usiku kucha kwa sababu ya watoto. Swichi yangu ya kwanza iliungana kwa dakika tatu, nikampigia simu nikijisifu. Yeye alikesha na kihisi kimoja cha mlango, kile kidude kinachogundua ukifunguliwa, mpaka saa saba usiku. Sasa mambo yamegeuka. Mimi ndiye ninayepanda kiti kila stima ikichezacheza, naye hata hakumbuki kitufe cha kuunganishia kiko upande gani.

Kwa hiyo anayeniuliza achague kipi namuuliza kwanza: unaogopa siku ipi, ya kuunganisha au ile stima itakapopotea na kurudi? Halafu kuna swali la pili ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza, nalo ni nyaya zilizomo ndani ya ukuta wako. Hilo nitalifikia.

Wi-Fi: dakika tatu, ukibahatika

Uzuri wa Wi-Fi ni kwamba hununui kitovu, yaani kiboksi cha kuunganisha vifaa vyote. Rauta unayo tayari, simu unayo, unabonyeza kitufe cha swichi kwa sekunde tano hivi mpaka kitaa kianze kukonyeza. Hapo tulia ukitazame, kwa sababu namna kinavyokonyeza ina maana. Kikikonyeza haraka haraka, swichi inasubiri simu iitangazie hewani jina la mtandao na nywila. Kikikonyeza polepole, swichi yenyewe imejigeuza rauta ndogo na inataka simu iingie ndani yake kwanza. Wengi hujaribu njia ya haraka mara kumi wakikasirika. Mimi hujaribu mara mbili tu, kisha nabonyeza tena kwa muda mrefu hadi ihamie kwenye mwendo wa polepole, naingia kwenye orodha ya mitandao ya simu, nachagua ule wa swichi, narudi kwenye programu ya swichi. Njia hii ndefu imenitoa aibu mara nyingi kuliko ile fupi. Swichi mpya zaidi huanza kwa Bluetooth, simu inaziona yenyewe, na hapo kazi ni nyepesi kweli.

Zikikataa, sababu kubwa ni moja. Karibu swichi zote hizi husikia gigahatsi 2.4 peke yake, na rauta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 chini ya jina moja. Simu yako imekaa kwenye 5, swichi iko kwenye 2.4, hawasikilizani. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, zima ile ya 5 kwa dakika kumi, unganisha, kisha uiwashe tena. Swichi haitajali.

Ukiwa huko huko tazama aina ya ulinzi. Kama rauta imewekwa WPA3 pekee, irudishe WPA2, maana vifaa vingi vidogo haviijui WPA3. Tazama pia kama umejiunga na mtandao wa wageni, kwa sababu huo mara nyingi huzuia vifaa kuonana. Kwenye simu ya Android ruhusu mahali na Bluetooth, zima VPN, zima data ya laini. Wanaotumia hotspoti, na huku ni wengi, wasitarajie simu moja itoe mtandao na kuunganisha kifaa kwa wakati mmoja. Azima simu ya pili. Na kama hiyo inayotoa hotspoti ni iPhone 12 au iliyofuata, kuna kitufe kwenye ukurasa wa hotspoti cha kuilazimisha itoe 2.4, bila hicho utakesha.

Kuna jioni moja nilifanya yote hayo kwa zaidi ya nusu saa, swichi inafika asilimia themanini na kitu halafu inakataa. Rauta ilikuwa na taa zote za kijani. Mtoto akaja kulalamika kwamba katuni zimegoma. Bando lilikuwa limeisha. Swichi za aina hii lazima zijiandikishe kwenye kompyuta za kampuni huko mbali kabla ya kukubali kuwa zako, kwa hiyo Wi-Fi kuwaka pale nyumbani hakutoshi, lazima intaneti yenyewe iwe inapita.

Jambo jingine ni la walionunua kifaa mitumba au kuhamia nyumba iliyowekewa swichi na mpangaji aliyetangulia. Kinaweza kuwa bado kimefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Bonyeza utakavyobonyeza, programu itakwambia kina mwenyewe. Mtafute huyo mtu akifute kwake.

Stima ikirudi

Migosi masika yakianza, stima haipotei mara moja ikaisha. Inaondoka, inarudi, inaondoka, inarudi, kama mtu anayeaga asitoke. Sasa balbu nyingi za Wi-Fi hazina kitufe, na njia waliyowekewa ya kuzirudisha mwanzo ni kuzizima na kuziwasha haraka haraka, mara tatu nyingine mara tano. Mmeona mambo yanakoelekea. Mara mbili sasa nimeamshwa na balbu ya chumba cha kulala ikikonyeza usiku wa manane kama disko matanga, ikingoja kuunganishwa upya, kwa sababu stima iliikonyezea kwa mahesabu yale yale. Dawa niliyoipata ni kuacha balbu na kuweka swichi ya ukutani yenye kitufe cha kubonyezwa, ambayo haidanganywi na umeme kwenda na kurudi.

Lingine: stima ikirudi, swichi zinaamka kabla ya rauta. Zinatafuta mtandao, hazioni, nyingine hukata tamaa hadi uzizime na kuziwasha. UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba ya volti 12, hutibu hilo, na ninaihesabu kama sehemu ya bei ya Wi-Fi hata kama dukani hawaitaji.

Angalia pia rauta yako inabeba vifaa vingapi. Zile ndogo za mfukoni za laini ya simu nyingi huishia 10. Ukitoa simu za nyumbani, televisheni na kompyuta, swichi ya nne inakataa na unadhani ni mbovu.

Na hili ningependa ningeambiwa mapema: ukihama kampuni ya intaneti, ipe rauta mpya jina lile lile na nywila ile ile ya zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Mimi nilijipa jina jipya la kupendeza, nikalilipia kwa Jumamosi nzima juu ya ngazi.

Kuhusu vihisi vya Wi-Fi sina mengi mazuri. Dukani uliza "sensa", ukisema kihisi watakutazama, ingawa sensa tunayoijua sisi ni ya kuhesabu watu. Kihisi cha mlango cha Wi-Fi hulala ili kuokoa betri, mlango ukifunguliwa kinaamka, kinatafuta rauta, kinajitambulisha, ndipo kinatuma habari. Aliyefungua mlango ameshafika jikoni. Na kwa kazi hiyo yote ya kuamka kinakula betri mbili za AAA kama pipi.

Zigbee: usiku wa Lanet

Zigbee hutumia redio yake yenyewe, ingawa mawimbi ni yale yale ya gigahatsi 2.4. Inataka kitovu, ama kiboksi cha dukani ama kidude cha USB kilichochomekwa kwenye kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Wifi alichukua njia ya pili kwa kuwa kaka yangu alikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na kazi. Gharama ya kwanza ni kubwa kuliko yangu, hilo lisifichwe.

Usiku ule alikosea mambo manne, na kwa kuwa kila anayeanza huyakosea, acha niyasimulie.

Kidude alikichomeka moja kwa moja kwenye tundu la buluu la USB 3.0 nyuma ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa imebanwa nyuma ya televisheni karibu na rauta. USB 3.0 hutoa kelele ya redio palepale kwenye 2.4. Waya wa kurefusha USB, mita moja tu, ulikitoa kidude kwenye kelele na vifaa vilivyokuwa havionekani vikaanza kuonekana. Kama kuna ushauri mmoja wa Zigbee unaolipa kuliko bei yake, ni waya huo.

Pili ni chaneli. Zigbee ina chaneli 16, zimepewa namba 11 hadi 26. Rauta za Wi-Fi hupenda 1, 6 na 11 za kwao, na hizo tatu hufunika sehemu kubwa ya za Zigbee. Aliihamisha yake hadi 25, iliyo pembeni. Ifanye kabla hujaunganisha chochote, maana ukihama baadaye kuna vifaa vitakavyobaki vinaita kwenye chaneli ya zamani.

Tatu, kihisi kile hakikuwa kimelala tu, kilikuwa kinakumbuka mtandao mwingine, wa majaribio aliyoyafanya mchana. Kifaa cha Zigbee kilichokwisha kuolewa hakitafuti mchumba mpya mpaka kipewe talaka. Alichomoa hereni yake, akaingiza kipini kwenye kitundu, akakishikilia kwa sekunde tano mpaka kitaa kikapepesa mara tatu. Kisha, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, alikuwa akikiweka mezani na kukitazama. Kihisi cha betri husinzia haraka mno katikati ya mazungumzo. Inabidi ukiguseguse kitufe, mguso mfupi kila sekunde moja au mbili, ukikiamsha mpaka kitovu kimalize kukihoji. Na kumbuka kitovu hufunga mlango wa kujiunga: kwenye Zigbee2MQTT, programu ya kuongoza vifaa vya Zigbee, hukaa wazi sekunde 254 kwa mara moja, zikiisha unabonyeza ukuta.

Betri nayo ipimwe. CR2032, ile bapa kama sarafu, ikiwa mpya husoma volti 3 na kidogo. Iliyokaa dukani tangu enzi inaweza kuwasha kitaa vizuri na bado ikashindwa kubeba mazungumzo ya kuunganishwa, yanayotaka nguvu zaidi. Usiulize kwa nini kitaa kinawaka na kifaa hakiingii, badilisha betri kwanza.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: alianza na kihisi.

Waya ulio ukutani

Kwenye Zigbee kifaa chenye stima ya kudumu hubeba ujumbe wa wenzake. Cha betri hakibebi cha mtu, kinategemea jirani. Kwa hiyo mtandao hujengwa kama nyumba, nguzo kwanza. Nyumba ya Lanet ni ya mawe, kuta nene, na geti la chuma liko hatua thelathini hivi kutoka sebuleni. Kihisi cha geti kisingemsikia kitovu hata siku moja bila mtu wa kupokezana njiani.

Nguzo hizo ni swichi za ukutani, lakini si zote. Zile zinazotaka nyutro, waya wa kurudishia stima, kwa kawaida hubeba wenzake. Zile zisizotaka nyutro kwa kawaida hazibebi, ziko kama kihisi tu, isipokuwa zinapata stima kidogo kwa kuipitisha kwenye balbu. Na nyumba nyingi za huku, ukifungua kisanduku cha swichi, utakuta laivu, yaani waya unaoleta stima, na waya unaopanda kwenye taa, basi. Nyutro iko juu darini kwenye taa, haikuteremshwa.

Usihukumu kwa rangi. Nyumba za zamani ni nyekundu na nyeusi, mpya ni kahawia na buluu, na waya mweusi ndani ya swichi unaweza kuwa laivu inayorudi kwenye taa. Zima meinswichi, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime kwa mita. Akiwa hapo apime na kina cha kisanduku. Vile vyembamba vya milimita 16 havimezi swichi hizi, 35 ndiyo raha. Na ukiletewa zawadi kutoka Marekani, asante sana, lakini swichi zao ni za mstatili kwa volti 120 na visanduku vyetu ni vya mraba kwa volti 240.

Swichi isiyo na nyutro huwa na tabia moja ya kuudhi: taa ya LED inabaki ikiwaka kwa mbali hata ikizimwa, au inapepesa. Kile kikapasita kidogo kilichomo kwenye boksi, ambacho watu hutupa pamoja na karatasi, hufungwa kwenye taa kutibu hilo.

Kama nyutro haipo, fundi anaweza kuweka rilei ndogo, yaani swichi ya kufichwa, juu kwenye taa, ambako laivu na nyutro zote zipo. Au ufanye kama wifi: alinunua soketi mbili za Zigbee za pini bapa, moja korido na nyingine verandani, zikawa nguzo. Kihisi cha geti kikaingia mara ya kwanza.

Kukabaki mama mkwe wake. Soketi zetu za ukutani zina swichi yake pembeni, na mama alilelewa Vihiga, ambako radi haina masihara. Wingu likijikusanya anazunguka nyumba nzima akizima soketi moja moja. Nguzo ikizimwa, vihisi vyake vinapotea, na vingine vya bei nafuu hushikilia jirani wa kwanza waliyemjua, haviendi kumtafuta mwingine mpaka viunganishwe upya. Wifi alimweleza kwa adabu, "Mama, hiki tukiache, ndicho kinacholinda geti." Mama akakubali, kisha wingu likaja akakizima. Sasa kwenye swichi ile kuna kipande cha selotepu nyeusi, nacho kimeheshimiwa kuliko maelezo.

Stima ikipotea Lanet, kitovu kinakaa kwenye UPS ile ile ya rauta. Ikirudi, swichi zinakumbuka mtandao wao, zinachukua dakika chache kupangana upya, na hakuna anayepanda kiti. Intaneti ikikatika, taa za jioni bado zinajiwasha kwa kuwa akili iko ndani ya nyumba. Hatari yake ni moja, kitovu kikifa bila nakala ya mipangilio, kila kifaa kinaunganishwa upya kuanzia cha kwanza. Hifadhi nakala mahali pengine, si kwenye kompyuta ile ile.

Nyingine utakazotajiwa

Matter, iliyotoka mwaka 2022, ni lugha ya pamoja inayopita juu ya Wi-Fi au juu ya Thread, redio nyingine ya vifaa vidogo, na huunganishwa kwa kupiga picha msimbo au kuandika tarakimu 11. Ukipoteza karatasi yenye msimbo umejitakia, kwa hiyo ipige picha siku ya kwanza. Ya Thread inataka kifaa cha kuipokea nyumbani. Z-Wave iache: masafa ya redio yake ya Ulaya na ya Marekani ni tofauti na hayasikilizani, na kupata vifaa vyake Kisumu au Nakuru ni kusaka sindano.

Ningechagua nini

Nyumba ya kupanga, swichi mbili tatu, hutaki kuvunja ukuta: Wi-Fi, tena anza na soketi za kuchomeka unazoweza kuhama nazo. Epuka balbu.

Nyumba yako mwenyewe, na fundi amekuta nyutro: Zigbee kwa swichi na vihisi vyote, usisite. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi ateremshe nyutro kwenye kila swichi sasa hivi, waya wa ziada si kitu ukilinganisha na kuchimba ukuta baadaye.

Nyumba yako lakini nyutro haipo: hapa ndipo nilipo mimi, na sikubaliani na wanaosema chagua upande mmoja. Swichi zangu nne za Wi-Fi nimeziacha zilipo, zinafanya kazi. Vihisi vyote vya Wi-Fi nimeviondoa. Mwezi uliopita nilinunua kitovu cha Zigbee, soketi moja ya kuwa nguzo, na vihisi vitatu.

Jumapili nikaketi sebuleni na kihisi cha mlango mkononi, kitovu mezani, kitaa kinapepesa, hakiingii. Nikampigia wifi. Hakuuliza habari za watoto.

"Soketi umeshaiunganisha?"

"Iko kwenye boksi bado."

"Weka kihisi chini, wifi. Toa soketi."